Mpaka wa Fedha za Uchaguzi Uandikwe Katika Katiba

Nataka kutoa maoni yangu juu ya fedha zinazotumiwa katika uchaguzi. Nina miaka kumi na tisa, nami nimekwisha kupata haki ya kupiga kura. Lakini kabla ya kuwasema wakubwa, sharti nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana tulichagua viranja. Mwenzetu mmoja aliyetaka kuwa kiranja wa bwalo alikuja bwenini kwetu usiku wa kuamkia uchaguzi, amebeba chapati zilizokunjwa na mayai ndani. Akatugawia moja moja. Hakusema, “Nipeni kura.” Alisema, “Kuleni, ndugu zangu, mimi ni wenu.” Nilikula, na asubuhi nikampigia kura, ingawa nilijua ya kuwa mpinzani wake alikuwa mtu wa kazi kuliko yeye. Lakini huyo mpinzani hata karo huipata kwa shida. Chapati za bweni zima angezitoa wapi?

Muhula wa pili maharagwe yakaanza kuja na wadudu. Tukamwendea kiranja wetu tukamwomba atufikishie neno kwa mwalimu. Akatutazama, akacheka, akasema, “Ninyi mlikwisha kula zenu.” Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu aliyenunua kura haoni kuwa ana deni kwa aliyempigia. Deni amekwisha kulilipa.

Hayo ni mambo ya shule, lakini ya nchi nayo yanafanana nayo, ila chapati zimegeuka kuwa sukari, chumvi, sabuni na bahasha. Sheria ya Uganda inakataza jambo hili waziwazi. Anayetoa zawadi ili apate kura ana hatia, na anayepokea ana hatia vilevile. Wengi wetu hatujui hilo la pili. Lakini sheria hiyohiyo haikuweka mpaka wa fedha ambazo mgombea anaweza kuzitumia katika kampeni. Mwenye milioni kumi atatumia kumi, na mwenye bilioni atatumia bilioni. Tena mlango wenyewe umepandishwa bei. Mwaka 2015 ada ya kugombea ubunge ilitoka shilingi 200,000 ikawa milioni 3, na ya kugombea urais ikatoka milioni 8 ikawa milioni 20. Mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi, hata akiwa na akili na moyo wa kuwatumikia watu, aanzie wapi? Hana budi akope, au amwendee tajiri. Na aliyemkopesha hasahau. Siku ya kutunga sheria atakuja kudai chake, na sisi tuliokula sukari hatutakuwa na la kudai.

Wengine watasema, “Mkono mtupu haulambwi. Ni desturi ya Mwafrika kumkirimu mgeni.” Ndugu zetu wa Tanzania walikwisha kulijibu neno hili. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi iliruhusu “takrima”, yaani ukarimu wa desturi kwa wapiga kura. Vyama vya wananchi vya kutetea haki vikaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema ya kuwa takrima ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 Bunge lao likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Angalieni jambo moja hapo. Wananchi walishinda kwa sababu walikuwa na Katiba ya kushika mkononi. Desturi ya kweli ya ukarimu hailetwi na lori kila baada ya miaka mitano.

Mtu ataniuliza, “Kwa nini Katiba? Je, sheria ya kawaida haitoshi?” Jibu langu ni kwamba sheria ya kawaida hutungwa na wabunge, nao wabunge ndio walioshinda kwa fedha hizo. Huko ni kumpa ngedere kesi ya nyani. Mwaka 2016, katika kesi ya Amama Mbabazi dhidi ya Rais Museveni, Mahakama Kuu Kabisa ya Uganda iliona ya kuwa sheria inawakataza wagombea kutoa misaada wakati wa kampeni, lakini inamwachia nafasi Rais aliye mgombea aendelee kuitoa katika kazi zake za kawaida. Mahakama ikashauri katazo liwe la wote. Ushauri huo ni mzuri, lakini ushauri wa mahakama hauna nguvu ya kifungu cha Katiba.

Hata hivyo, kuandika katika Katiba tu hakutoshi. Majirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya 2010 ya kuwa Tume ya Uchaguzi isimamie kiasi cha fedha za wagombea. Mwaka 2013 wakatunga sheria ya kazi hiyo. Uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, Bunge likaiahirisha. Mwaka 2021 Tume ikatangaza viwango kwa ajili ya uchaguzi wa 2022, nalo Bunge likavikataa. Kwa hiyo kifungu chetu kisiishie kusema “kuwe na mpaka”. Kitaje njia ya kuuhesabu, kiseme nani ataupanga, kiamuru kila mgombea aonyeshe fedha zake zimetoka wapi, tena kisiwape wagombea wenyewe nafasi ya kuukataa.

Sasa nani akiandike kifungu hicho? Hapa ndipo naona tunayo hazina yetu wenyewe. Mwaka 1988 Uganda iliunda Tume ya Katiba chini ya Jaji Benjamin Odoki. Tume hiyo ilizunguka nchi nzima ikawasikiliza watu, na wananchi wakapeleka maoni yao kwa maelfu, zaidi ya 25,000. Kutoka katika kazi hiyo ilipatikana Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, nayo katika kifungu cha kwanza imesema ya kuwa mamlaka yote ni ya watu. Linganisheni na mwaka 2017. Lilipokuja jambo la kuondoa ukomo wa umri wa Rais, kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 za kwenda kuwauliza watu wake. Wengine walizirudisha. Sisemi ya kuwa kila aliyezipokea alinunuliwa. Lakini fedha zikitangulia mbele ya swali, nani ataliamini jibu?

Wala si sisi peke yetu wenye taabu hii. Huko Marekani, mwaka 2010, Mahakama Kuu yao iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 ya kuwa makampuni hayawezi kuzuiwa kutumia fedha zao kusaidia au kupinga wagombea, mradi yafanye hivyo bila kushirikiana nao. Novemba 2018 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts wakaamua kuunda tume ya raia 15 wasiolipwa mshahara, ichunguze jambo hili na kupigania marekebisho ya Katiba ya nchi yao. Kazi hiyo ni ngumu, maana marekebisho kwao sharti yakubaliwe na majimbo 38 kati ya 50, na mpaka sasa hayajapatikana. Lakini nimependa mfano wao, kwa sababu raia wa kawaida hawakungoja walioshinda wawahurumie.

Maoni yangu basi ni haya. Tuwe na tume ya wananchi kutoka kila upande wa nchi, wasiotaka ubunge wala cheo cha chama, iwasikilize watu na kuandika kifungu cha fedha za uchaguzi. Ni kweli ya kuwa mwishoni sharti kipite Bungeni, kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini mbunge atakayekikataa atakikataa mbele ya watu waliokiandika, na watu hao watamjua.

Najua ya kuwa mgombea anahitaji fedha. Petroli hainunuliwi kwa ahadi, wala kipaza sauti hakikodishwi kwa sala. Ndiyo maana nasema mpaka, sisemi katazo. Najua pia ya kuwa tangu 2010 sheria inaruhusu serikali kuvisaidia vyama vyenye wabunge. Lakini msaada huo haumfikii mgombea asiye na chama. Na najua ya kuwa Katiba haimshibishi mwenye njaa. Mama aliyelala bila chakula atapokea kilo ya sukari, wala mimi niliyekula chapati nikiwa nimeshiba sina kinywa cha kumlaumu. Tunaotakiwa kulaumiwa kwanza ni sisi tuliosoma.

Kwa hiyo namaliza kwa kurudi hapa nyumbani. Muhula huu Baraza la Wanafunzi litatengeneza upya kanuni za kuchagua viranja. Naomba kila bweni litoe mtu mmoja asiyegombea cheo, wakae pamoja, watusikilize, waandike kanuni hii: mgombea asitoe kitu chochote, wala chapati, wala peremende, na akitoa jina lake liondolewe. Mimi sitagombea, nami nitakuwa wa kwanza kutoa maoni. Tukishindwa kujiwekea mpaka wa chapati, sijui kwa uso gani tutakwenda kuidai nchi mpaka wa mabilioni.