Vinasaba vyamtambua kobe adimu, vyashindwa kumwokoa

MWEZI Aprili mwaka 2023, mzoga wa kobe mkubwa ulikutwa ukielea katika Ziwa Dong Mo, nje kidogo ya jiji la Hanoi, Vietnam. Huyo ndiye aliyekuwa jike pekee aliyejulikana duniani wa kobe wa maji baridi mwenye gamba laini, anayeitwa kitaalamu Rafetus swinhoei.

Kinachosikitisha ni kwamba mnyama huyo alikuwa amekwishatambuliwa. Oktoba mwaka 2020 alinaswa akiwa na kilo 86, akatolewa damu, kisha akaachiwa. Desemba mwaka huo, vipimo vya vinasaba vikathibitisha jamii yake.

Alama za vinasaba ni sehemu za DNA zinazotofautiana baina ya jamii moja na nyingine, na hata baina ya mnyama na mwenzake. Wataalamu huzisoma katika damu, katika ngozi, ama katika maji ya ziwa ambamo mnyama huacha chembe za mwili wake. Ni kwa njia hiyo mwaka 2018 ilitangazwa kuwa Ziwa Xuan Khanh, lililo jirani na Dong Mo, nalo lina kobe wa jamii hiyo.

Alama hizo huonyesha pia undugu, ili wanyama wa damu moja wasizalishwe pamoja, na husaidia kujua kobe waliokamatwa kwa walanguzi walitoka mto gani.

Hata hivyo, maabara haitagi mayai. Nchini China, dume na jike waliunganishwa mwaka 2008 katika bustani ya wanyama ya Suzhou. Jike alitaga mara nyingi, lakini hakuna yai lililoanguliwa. Alipokufa Aprili mwaka 2019, matumaini yote yakahamia Vietnam. Huko nako, tangu jike wa Dong Mo anaswe hadi alipokufa ilipita miaka miwili na nusu, naye hakupata mwenza.

Kobe hao walimalizwa na uwindaji wa nyama na mayai, pamoja na kuharibiwa kwa kingo za mito walikotagia. Sayansi iliitwa wakati wamebaki wa kuhesabika kwa vidole.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jamii nyingine za kobe zilizo hatarini, wakati wa kupima vinasaba ni sasa, wakiwa bado wapo wa kuzaliana.