Darasa nalo ni mahali pa kazi

Tumezoea kuipima shule kwa matokeo ya mitihani, wingi wa vitabu na idadi ya walimu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ndani ya darasa mna joto kiasi gani. Swali hili halifai kupuuzwa. Mwalimu hushinda humo siku nzima, naye mwanafunzi humalizia humo miaka ya utoto na ujana wake. Darasa kwa mwalimu ni mahali pa kazi, sawa na afisi kwa karani na karakana kwa fundi.

Mwili wa binadamu hujitahidi wakati wote kudumisha joto la ndani la takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Hewa ikipata moto, moyo hupiga kwa kasi ili kuipeleka damu karibu na ngozi. Jasho nalo hutoka, na linapokauka huondoka na joto. Lakini pale ambapo hewa imejaa unyevu, kama Mombasa, Malindi na Lamu wakati wa kaskazi, jasho hutiririka bila kukauka wala kuleta nafuu. Katika nyanda kavu za Garissa, Wajir na Turkana, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, jasho hukauka upesi hata mtu asitambue amepoteza maji kiasi gani. Aliyewahi kufunza kipindi cha alasiri katika hali hiyo anayajua matokeo yake: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, hasira za karibu, na macho yanayoutazama ubao bila kuuona. Joto likizidi, mtu huzirai, na asipohudumiwa anaweza kufa.

Sasa tulitazame darasa lenyewe. Mabati yasiyo na dari hupata moto kuliko hewa ya nje, kisha huumwaga moto huo juu ya vichwa vya walio chini yake. Isitoshe, mtu mzima aliyeketi hutoa joto la karibu wati 100, na mtoto hutoa pungufu kidogo tu. Kuwarundika wanafunzi 60 katika chumba kimoja, basi, ni kama kuwasha hita nne za umeme za wati 1,000 kila moja.

Hasara yake haiishii katika jasho. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2020, uliotumia kumbukumbu za wanafunzi wapatao milioni 10, ulionyesha kwamba mwaka wa masomo ukizidi kuwa na joto kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, yaani zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Selsiasi, kiasi cha mafunzo ya mwaka huo hupungua kwa karibu asilimia moja katika shule zisizo na viyoyozi. Walioumia zaidi ni watoto wa jamii zenye kipato cha chini. Kwa upande wa wafanyakazi, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka wa 2019 kwamba, ifikapo mwaka wa 2030, joto litaupokonya ulimwengu asilimia 2.2 ya saa zote za kazi. Majirani zetu wa Sudan Kusini hawakungoja kuambiwa. Walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto mnamo Machi 2024, na wakazifunga tena Februari 2025.

Baridi nayo ina dhuluma yake. Huko Limuru, Kinangop na Nyahururu, asubuhi za Julai huwa kali. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika nchi zenye majira ya baridi, joto la ndani ya nyumba lisishuke chini ya nyuzi 18. Mtoto anayetetemeka, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hawezi kuandika vyema. Watu wakiamua kufunga kila dirisha, hewa huwa nzito na mafua huenea kwa wepesi. Wakiingiza jiko la makaa, hualika sumu isiyo na harufu inayoweza kuwaua wote chumbani.

Twajua kuna watakaosema kwamba nchi ambayo baadhi ya watoto wake wangali wanasomea chini ya miti haina nafasi ya kuzungumzia joto na baridi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama dawa ingekuwa kiyoyozi katika kila darasa. Sivyo. Wazee wa Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha ua wa ndani wa kupitishia hewa, na wakasogeza nyumba zao karibu hata vichochoro vikawa kivulini mchana. Hawakuwa na umeme, lakini waliijua hali ya hewa ya kwao.

Kasoro yetu ni kuchora ramani moja na kuitumia kila mahali, mvua na jua, pwani na milimani. Tangu mwaka wa 2021 maelfu ya madarasa mapya yamejengwa kwa ajili ya mtaala wa umilisi, na mengine yatajengwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeidhinisha ramani akiwa Nairobi na amsikize anayefunza Lodwar, na amsikize pia anayefunza Kinangop.

Yafaa basi kila darasa jipya liwe na dari, kwani dari hiyo hiyo inayozuia moto wa mabati Garissa ndiyo itakayohifadhi vuguvugu Nyahururu. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Mabati ya maeneo ya joto yapakwe rangi nyeupe, na mwarobaini upandwe kando ya kuta. Masomo mazito yapangwe asubuhi, maji ya kunywa yawepo, na sheria za sare zilegezwe. Tai na sweta katika jua la Wajir si nidhamu. Ni adhabu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu mahali popote mtu anapofanyia kazi, nayo inazungumzia msongamano na uingizaji wa hewa safi. Wakaguzi wake wasiishie viwandani, na vyama vya walimu, vinapodai mishahara, vidai pia hewa.

Walimu na wanafunzi nao wana la kufanya. Kipimajoto kimoja kikitundikwa darasani, wanafunzi wa sayansi wanaweza kusoma joto asubuhi, adhuhuri na alasiri kwa muhula mzima, wakaandika na kuchora grafu. Hilo ni somo tosha. Kisha daftari hilo lipelekwe mbele ya bodi ya shule na mbele ya mbunge wa eneo hilo, kabla ya fedha za darasa lijalo kutolewa.