KAZI HII IMEPITA MKONONI MWAKO?



NENO LA LEO: Matendo ya Mitume 19:13–16

Leo sisemi na walio nje. Nasema na sisi tulio kundini, wazazi na wanafunzi, kuhusu jambo tulilolizoea mpaka hatulioni tena kuwa ni uongo: kukopi na kupesti kazi za shule na za chuo.

Chukua mfano wa huku kwetu. Mwalimu anampa mtoto kazi: andika kuhusu mikoko. Mama anamtumia ujumbe kijana wa saiba: "Nitolee kitu juu ya mikoko, kiwe na picha za rangi." Kijana anaingia intaneti, anabandika kurasa mbili, anaprinti. Mama analipa. Mtoto anaandika jina lake juu, na asubuhi anapeleka shuleni. Picha zenyewe ni za mikoko ya Florida!

Mpendwa, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu hii ya Lamu. Babu ya mtoto huyo pengine alikata boriti ujanani mwake. Angemwonyesha mkandaa ni upi, muia ni upi, mchu ni upi, na kwa nini samaki hukulia humo. Mtoto angerudi na matope miguuni na ukurasa mmoja wenye makosa ya tahajia, lakini ukurasa ni wake. Tumemnyima hilo. Tumetoa pesa ili mtoto asijue kitu kilicho nyuma ya nyumba yao.

Mtoto huyo akifika sekondari, tayari anajua kwamba kazi hununuliwa. Akifika chuo, saiba iko mfukoni mwake, na programu ya akili unde inamwandikia kurasa kumi kabla chai haijapoa. Sisi tunamwita mjanja.

KUNAKILI SI DHAMBI. NISIKIENI VIZURI.

Lamu ni nchi ya wanakili. Siyu, kule kisiwani Pate, palikuwa na waandishi walionakili Kurani kwa mkono kwa ustadi mkubwa. Mjini Lamu aliishi Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mchonga nakshi, mwandishi wa hati. Alinakili tenzi za kale kwa kalamu yake kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner na William Hichens, na hati za mkono wake zimehifadhiwa London na Ujerumani hadi leo. Bila wanakili kama hao, maneno mengi ya wazee wetu yangeliwa na mchwa.

Sasa pima kazi yako kwa kipimo cha wazee hao. Kwanza, kila neno lilipita machoni na mkononi mwa mwandishi. Alipomaliza utenzi, utenzi ulikuwa umemwingia. Pili, utenzi wa mtu mwingine ulibaki wa mwenyewe. Kazi ya mwandishi ilikuwa kuufikisha.

Wewe unabonyeza mara mbili na hujasoma hata sentensi ya kwanza. Halafu unaandika jina lako juu. Umekosa la kwanza, umekosa na la pili.

1. WANA WA SKEWA WALIJUA MANENO

Wana saba wa Skewa walisikia jinsi Paulo anavyotoa pepo. Wakayachukua maneno yale, wakaenda kuyatamka juu ya mtu mwenye pepo mchafu. Maneno hayakuwa na kasoro. Yule pepo akawaambia kwamba Yesu anamjua, na Paulo habari zake anazo, lakini wao ni akina nani? Mtu yule akawarukia, wakakimbia nyumba ile uchi na majeraha juu.

Mwanafunzi, siku yako na pepo inakuja. Pepo wako hatauliza umepata alama ngapi.

Wewe binti unayesomea uuguzi, fikiria zahanati ya kijijini, Kiunga au Pate, saa nane usiku, msimu wa kusi. Mama amejifungua na damu haikatiki. Bahari imechafuka, boti haiwezi kutoka kumpeleka hospitali ya King Fahd. Mtandao umepotea. Muuguzi ni wewe peke yako. Kule chuoni uliandika kazi nzuri sana kuhusu damu inayotoka baada ya kujifungua, mhadhiri akakupa alama za juu. Lakini haikuwahi kupita kichwani mwako. Sasa mikono yako inajua nini? Mume wake amesimama mlangoni anakutazama. Utamwambia nini?

Ndiyo maana nakataa kabisa mtu akiniambia hili ni jambo dogo la shule. Cheti kina jina lako, lakini mgonjwa atatibiwa na kile ulichojifunza.

2. PAULO ALITAJA WENYEWE

Wengine wanasema, "Pasta, sasa tusisome intaneti?" Someni! Paulo alisoma hata washairi wa Kiyunani. Alipohubiri Athene (Matendo 17:28) alitumia maneno yao, akawaambia wazi kwamba ni ya washairi wao. Luka naye anaanza Injili yake kwa kukiri kwamba wengine walikwisha kuandika kabla yake, kisha anasema yeye mwenyewe amechunguza mambo yote kwa uangalifu (Luka 1:1–4). Hiyo ndiyo elimu. Soma, chunguza, sema kwa maneno yako, na pale ulipochukua la mtu, mtaje.

Na wahubiri wenzangu msicheke. Someni Yeremia 23:30, mwone Mungu anasemaje juu ya manabii wanaoibiana maneno. Ukiteremsha hubiri la mtu siku ya Jumamosi, Jumapili ukaliita ufunuo uliopewa usiku, huwezi kumkemea mwanafunzi.

3. VISINGIZIO VYETU

"Kazi ni nyingi, mtoto atamalizaje?" Huenda ni kweli. Basi nenda ukaongee na mwalimu. Mwandikie barua kwamba mtoto amefika nusu akasinzia. Nusu ukurasa wa kweli unamwonyesha mwalimu mahali mtoto amekwama. Kurasa mbili za saiba zinamficha, na mwalimu anaendelea mbele akimwacha nyuma.

"Kila mtu anafanya." Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata serikali ikakaza ulinzi wa mitihani, na gredi ya A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Sisemi kila A ya 2015 ilikuwa ya wizi. Nasema jifunze kitu hapo: "kila mtu" wako anaweza kubaki peke yake siku moja tu mlango ukifungwa.

"Ndiyo riziki yangu, Pasta." Hili ni la wewe unayeuza. Dunia inajua kwamba vijana wengi wa Kenya wanaandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Huko England sheria ya mwaka 2022 imepiga marufuku biashara ya kuwauzia wanafunzi kazi hizo. Kijana wangu, wewe huna tatizo la akili, na hicho ndicho kinachoniuma. Unakesha kusoma sheria, uuguzi, uhandisi, halafu mwingine anavaa joho. Wewe unabaki na deni la bando na mgongo unaouma. Njaa ni ya kweli, sikubezi. Lakini usiniletee fungu la kumi la kazi hiyo ukitaka niombe iongezeke. Nitaomba upate mlango mwingine: wafundishe watoto wa mtaa wako kwa ada ndogo, tafsiri, andika kwa jina lako. Mungu hakukupa kichwa hicho ili uwe kivuli cha mtu usiyemjua.

WIKI HII TUFANYE HIVI

Mzazi: mtoto akileta kazi, usikimbilie simu. Mwulize, "Nani hapa mtaani anajua jambo hili?" Mpeleke kwa mvuvi, kwa fundi wa jahazi Matondoni, kwa mkulima wa Mpeketoni, kwa nyanya yake. Kisha aandike mwenyewe, nawe ujizuie kumsahihishia kila neno.

Mwanafunzi: kabla ya kuwasilisha, funga simu, mweleze mwenzako ulichoandika bila kutazama. Ukishindwa, kazi hiyo bado si yako. Rudi ukaisome.

Na kama tayari umewasilisha kazi ya wizi, nenda kwa mwalimu wako kesho. Atakukata alama. Kubali. Alama zinarudi, lakini mtu akizoea uongo wa ofisi ndogo ataubeba mpaka ofisi kubwa, halafu sisi wote tunakaa kulalamika kuhusu viongozi.

MAOMBI: Baba katika jina la Yesu, tuondolee haya ya kusema "sijui", kwa maana hapo ndipo kujifunza kunapoanzia. Wape wanafunzi wetu bidii, wape wazazi subira, wape walimu macho. Wale watakaoshika maisha ya watu mikononi mwao, wajue kweli wanachokifanya. Amina.

Kama una mwanafunzi nyumbani, mtumie neno hili, kisha kaeni mlisome pamoja. Andika AMINA hapa chini, lakini usiandike kabla hujasoma mpaka mwisho!

Mchungaji wako