Jiji la Wanariadha Lisiwasahau Waendao kwa Miguu

Mnamo Agosti 15, 2024, Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji la tano nchini, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Hata hivyo, yafaa tujiulize: jiji hili ni la nani?

Mimi ni mwalimu na sina gari. Sioni haya kulisema, kwani tulio wengi ndivyo tulivyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini humu. Kila alfajiri umati hutoka Langas, Huruma na Munyaka kwa miguu: vibarua, wachuuzi, na watoto waliobeba mikoba mizito migongoni.

Umbali si hoja. Kilomita tatu ni mwendo wa dakika arobaini hivi. Hoja ni pa kukanyaga. Kando ya lami mara nyingi pana mtaro, tope la masika au gari lililoegeshwa. Mtoto hana budi kushuka barabarani, ambako magari hayana simile.

Wapo watakaosema, "Na wapande bodaboda!" Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tuchukulie nauli ni shilingi 50 tu kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 22 za masomo, mtoto mmoja atahitaji shilingi 2,200 kwa mwezi, na watoto watatu 6,600. Kibarua atazitoa wapi?

Wengine hudai kwamba barabara zipanuliwe kwanza. Lakini barabara pana isiyo na kivuko humwongezea mtoto safari ya hatari. Tuanze na njia za miguu zilizoinuliwa pande zote mbili za kila barabara iendayo shuleni, pamoja na vivuko vyenye matuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya barabara mpya.

Walimu wenzangu, nasi tuna wajibu. Tuwatume wanafunzi wasimame ndani ya lango la shule kwa saa moja, wahesabu wapitao: wangapi kwa miguu, wangapi kwa gari? Hesabu hiyo tuipeleke katika vikao vya bajeti ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inataka umma ushirikishwe. Anayegawa fedha za barabara aelezwe kwa tarakimu ni akina nani wanaozitumia.