Ubao wa Mchezo na Fimbo ya Mjomba

Wengi wetu tuliadhibiwa shuleni kwa ajili ya gemu. Vijana waliotoroka kwenda mjini Arua kucheza mpira wa televisheni walirudi wakamkuta mwalimu wa zamu amesimama langoni, nami sisemi kwamba alikosea. Lakini leo naomba kukitetea chombo kimoja cha gemu hizo, kwani naona kinafaa hospitalini.

Mjomba wangu anakaa Koboko. Alipatwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto ukalegea. Kila baada ya majuma machache alisafiri mpaka Arua, kilometa kama 55, ili aangaliwe. Na kweli aliangaliwa tu: aliambiwa asimame, atembee hatua kumi, ageuke, kisha akaambiwa anaendelea vizuri. Mara ya nne akaambiwa aache fimbo. Siku ya tisa alianguka mlangoni pa jiko, akavunjika mkono wa kulia, ule uliokuwa mzima. Simlaumu aliyemwangalia. Jicho la nani litakumbuka jinsi mgonjwa alivyoyumba mwezi uliopita, hali limekwisha kuona wagonjwa mia wengine?

Katika nchi tajiri kuna bamba la maabara ambalo mtu husimama juu yake, nalo huandika jinsi uzito wake unavyohama mbele na nyuma, kushoto na kulia. Bei yake ni maelfu ya dola. Basi mwaka 2007 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa ubao wa kuchezea uitwao Wii Balance Board, wenye vipimo vinne vya uzito, kimoja kila pembe. Mwaka 2010 Ross Clark na wenzake wa Melbourne, Australia, waliulinganisha na bamba la maabara. Waliwapima watu 30 wenye miguu mizima, kwa mguu mmoja na kwa miwili, macho wazi na macho yamefumbwa, na hesabu za vyombo hivyo viwili zikakaribiana sana.

Mtu atasema kwetu umeme ni wa shida. Ubao huu hutumia betri nne ndogo, na hupeleka habari kwenye kompyuta bila waya. Mwingine atasema ni kitu cha zamani, hata Wii yenyewe haitengenezwi tena. Ndiyo maana ni rahisi! Huko Ulaya na Marekani, waliko baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani, mbao nyingi zimelala stoo.

Neno lenye uzito zaidi ni hili: ubao hupima uzito unaokwenda chini tu, hausikii msukumo wa pembeni, wala hauwezi kusema kwa nini mtu anayumba. Hilo ni la mganga. Tena sakafu lazima iwe ngumu na sawa. Juu ya udongo wa nyumba zetu nyingi utadanganya. Wala alama ambazo mchezo wenyewe huonyesha kwenye televisheni si za kutegemea. Inatakiwa programu inayosoma vile vipimo vinne moja kwa moja, nayo si uchawi: toa uzito wa kushoto katika ule wa kulia, gawanya kwa uzito wote, zidisha kwa nusu ya umbali ulio kati ya vipimo vya kushoto na vya kulia, fanya vivyo hivyo mbele na nyuma, kisha tafuta urefu wa njia kwa kanuni ya Pythagoras. Wanafunzi wetu wanaoijua kanuni hiyo waitengeneze programu hiyo, wasaidiwe na mwalimu wao wa kompyuta, waipeleke kwa wanaotibu viungo. Hata mchezaji wetu aliyeumia goti angepimwa kabla ya kurudishwa uwanjani kwa kelele za washangiliaji.

Mimi nimekwisha kupata ubao mmoja, umechubuka kidogo. Kila Jumapili huenda nao Koboko. Mjomba husimama juu yake sekunde 30 kwenye saruji ya baraza, mwanangu akiwa nyuma tayari kumdaka, nami huandika daftarini. Majuma mawili yaliyopita hesabu iliharibika, ingawa kwa macho alikuwa yule yule. Fimbo bado anayo.