Bei ya Epra haifiki kwenye chupa ya Mkongani

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, steji zetu za bodaboda huwa na gumzo moja tu. Simu hupita mkono kwa mkono, watu wakitaka kujua Epra imetangaza nini. Petroli imepanda? Imeshuka walau shilingi moja? Bei mpya huanza tarehe 15 na hudumu mwezi mzima, na kila mji una yake: Mombasa, Kwale, Lungalunga. Mimi pia huangalia, ingawa sina pikipiki. Lakini siku hizi nimeanza kujiuliza tunaangalia nini, kwa sababu wengi wetu huku ndani hatununui kwa bei hiyo. Tunanunua kwa chupa.

Mpwa wangu ni bodaboda hapa Mkongani. Hivi majuzi alipakia mama mmoja na mwanawe mgonjwa kuelekea hospitali Kwale. Walipoanza kupanda mlima injini ikaanza kugonga, kisha nguvu zikaisha, ikazima. Mama alishuka akaendelea kwa miguu, mtoto mgongoni, mpaka akapata pikipiki nyingine. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Injini haikupona.

Nilikuwepo fundi alipoifungua. Alitoa plagi kwanza, ilikuwa nyeusi kama mkaa. Akamimina oili kwenye karai, ikatoka nyepesi kama maji ya chai. Akanishikisha pistoni, na ukipitisha kidole ubavuni unasikia mikwaruzo.

"Mzee, hii imekunywa mafuta ya taa," akaniambia. "Si mara moja. Imezoeshwa."

Pistoni, ringi na kazi ya silinda vilimla mpwa wangu shilingi 6,500. Siku nne hakufanya kazi, na pikipiki yenyewe ni ya mkopo, kila siku inadai shilingi 400. Hakuna aliyemsikiliza kuhusu siku hizo nne.

Nilimwomba fundi anieleze mafuta ya taa yanafanyaje madhara yote haya, na maelezo yake nayaleta hapa kwa sababu yanafaa kujulikana na kila mtu anayepanda pikipiki. Injini ya petroli hufanya mambo manne, ileile kazi aliyoifanikisha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Pistoni ikishuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ikipanda huibana. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, na hapo ndipo gurudumu linapopata mwendo. Kisha inapanda tena kutoa moshi. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, moto huo unawaka zaidi ya mara 40 kila sekunde. Sisi tulioketi nyuma tunasikia mngurumo mmoja tu.

Sasa, kila kitu hapo kinategemea saa. Petroli hugeuka mvuke upesi, na hustahimili kubanwa bila kuwaka mpaka cheche ifike. Mafuta ya taa hayana tabia hizo. Kwenye kabureta hayageuki mvuke vizuri, kwa hiyo yanaingia kama matone. Mengine yanaungua nusunusu na kuacha masizi kwenye plagi. Mengine yanawaka kwa joto la kubanwa, wakati usio wao, na ule mlio wa kugonga mlimani ndio huo. Yanayobaki yanateremka ukutani mwa silinda, yanaosha oili na kuingia nayo chini. Chuma kinasugua chuma. Ndiyo maana oili ilitoka kama chai.

Anayechanganya anafanya hivyo kwa hesabu. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya 2025, petroli jijini Nairobi ilikaa karibu shilingi 185 kwa lita na mafuta ya taa karibu 155. Shilingi 30 za tofauti katika kila lita si haba. Serikali inaujua mchezo huu. Mwaka 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi uchanganyaji usilipe. Mama anayepikia stovu na bibi anayewasha kandili walikuwa bado wanaulipa ushuru huo mwaka 2025, na pengo bado lilikuwepo. Vilevile mafuta ya taa hutiwa alama ya kemikali, ili mkaguzi akipima petroli au dizeli kituoni ajue kama imechanganywa.

Kituoni, nasema. Chupa ya soda iliyotundikwa mbele ya kibanda haina anayeipima. Bei nayo ni hiyohiyo: Epra iliposema 180 na kitu, mimi hapa nililipia 220 kwa lita, na hiyo lita sina hakika ilijaa. Bodaboda anayeanza asubuhi na chupa mbili ameshapoteza karibu shilingi 80 kabla hajapata abiria. Na tukumbuke kwamba katika injini ndogo kama hii ni karibu robo tu ya nguvu ya mafuta inayogeuka mwendo. Iliyobaki ni joto la silinda na la silensa, ile inayotuchoma miguu. Katika zile 220, zinazosukuma gurudumu hazifiki 60.

Msinielewe vibaya, sitaki wauzaji wa chupa wakamatwe. Sheria ya Petroli ya 2019 inataka anayeuza mafuta awe na leseni, na askari wakitaka wanaweza kumwaga chupa zote asubuhi moja. Halafu? Saa nane za usiku mwanamke akishikwa na uchungu, pikipiki itajazwa wapi? Wengi wa wauzaji hawa ni majirani zetu, na sidhani wote wanachanganya. Baadhi wameletewa yakiwa yamechanganywa tayari. Kinachonitisha zaidi kwao ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni kimyakimya mpaka ukutane na jiko. Na madumu yenyewe yanalala chumba kimoja na watoto.

Ninalotaka ni pampu ndogo yenye leseni, iliyo karibu, yenye tangi salama na kipimo cha kweli. Chama cha bodaboda kinaweza kuianzisha, kaunti ikasaidia kwa kiwanja na vibali. Vijana wetu wanachanga kwa misiba na harusi, hili halitawashinda wakipewa njia. Kelele zetu nyingi zimekwenda kwenye kodi, na si bure: mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwaka 2024 tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Lakini hata kodi ikishuka kesho, punguzo litaishia kituoni. Mwenye chupa hana tangazo linalomlazimu.

Wapo watakaosema ngojeni pikipiki za umeme, ambazo Rais Ruto alizizindua Mombasa Septemba 2023. Nazipenda, hazina kabureta wala plagi. Ila nazo zinahitaji mahali pa kubadilishia betri, na sioni kwa nini mahali hapo patatufikia mapema kuliko pampu.

Na jambo hili si la bodaboda pekee. Wakulima wanaovuta maji kwa pampu ndogo, wenye jenereta za harusi, wote wananunua palepale. Kule Msambweni, Gazi na Shimoni injini nyingi za boti ni zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, na mafuta mabaya huziharibu vilevile. Tofauti ni kwamba mpwa wangu alizimikiwa mlimani, akashuka. Mvuvi akizimikiwa nje ya mwamba wakati wa kusi hana pa kushukia.

Fundi alimfundisha mpwa wangu kipimo cha bure. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, subiri likauke. Petroli safi hupotea bila kuacha kitu, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Sasa anatembea na karatasi mfukoni. Juzi nilimwona akipima kibandani, abiria akimngoja na mzigo wa mahindi. Doa likabaki. Aliitazama karatasi, akamtazama abiria, kisha akanigeukia.

"Mjomba, kituo ni kule Kwale na tangi liko tupu. Nifanyeje?"

Akamimina.