Ukiambiwa "utafiti umeonyesha", uliza kwanza

Tuchukue mfano wa kutunga. Kliniki moja hapa Babati ina wagonjwa 40 wa presha wanaosahau kumeza dawa. Wanaanza kutumiwa meseji ya kuwakumbusha kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu wanarudi 30. Muuguzi anawauliza kama wanameza dawa kila siku, na 27 wanajibu ndiyo. Ripoti inasema: meseji zimefanikiwa kwa asilimia 90.

Ukisikia hivyo redioni utafurahi. Mimi nasema subiri, kwani utafiti huo una kasoro nne.

Kwanza, wale 10 wako wapi? Huenda wa Dareda alikosa nauli, wa Magugu aliacha dawa, na mwingine amelazwa kwa kiharusi. Walioanza ni 40, hivyo ihesabiwe 27 kati ya 40, ambayo haifiki hata asilimia 70.

Pili, aliyeuliza ni muuguzi yuleyule anayewatibu. Nani atamwambia usoni kwamba hajameza? Jibu la heshima si kipimo. Vihesabiwe vidonge vilivyobaki, ipimwe presha yenyewe, na mpimaji asijue nani alitumiwa meseji.

Tatu, hakuna wa kulinganishwa nao. Huenda wangebadilika hata bila meseji, kwa kujua tu kwamba wanafuatiliwa. Wagawanywe kwa kura: nusu wapate meseji, nusu waendelee na huduma ya kawaida, wote wafuatiliwe sawa.

Nne, waliingizwa wenye simu tu. Matokeo yao hayamhusu bibi asiye na simu.

Haya yameshatokea karibu nasi. Mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulilinganisha jamii 10 zilizopata elimu na huduma za afya ya uzazi na jamii 10 ambazo hazikupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha vijana walijua zaidi na walieleza mwenendo bora. Lakini vipimo vya maabara havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yamepungua. Watafiti wale walifanya jambo la maana: hawakuishia kwenye maneno ya mdomo.

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa kwa kura wagonjwa 538 walioanza ARV. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa meseji kila wiki, na asilimia 48 ya wasiotumiwa. Tofauti hiyo haina kishindo cha ile asilimia 90, lakini ina mizani nyuma yake.

Kwa nini hili likuhusu wewe mgonjwa? Kwa sababu takwimu mbovu humfanya mtu aamini yuko salama huku presha ikipanda kimyakimya. Nawe mzazi, shule ikikuletea fomu ya utafiti ili mwanao ashiriki, usisaini kwa haraka. Uliza: wanalinganishwa na nani? Mnapima au mnauliza tu? Wanaojitoa mnawahesabu? Kibali cha maadili kiko wapi? Una haki ya kuuliza, na haki ya kukataa bila mtoto kunyimwa huduma.

Mtafiti makini hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Na wewe wa presha, ukiulizwa kliniki kama unameza dawa, sema kweli. Kisha omba upimwe.